Kovu Lisilo na Kidonda

Ugonjwa wangu ulianzia puani, na nani humhurumia mtu wa pua? Mwenye malaria hutandikiwa mkeka. Mwenye kuhara hukorogewa uji. Mwenye pua iliyoziba huambiwa apenge. Nilipenga mpaka masikio yakavuma, na hakikutoka kitu, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kutoka. Tundu la kulia lilikuwa limefungwa tu, kavu, na nyuma ya shavu palikuwa na uzito mdogo usiouma. Laiti ungeuma, ningeuheshimu mapema.

Nilikuwa mshonaji hapa Baraka, mji wa kando ya ziwa, na kazi ilikuwa tele. Ilikuwa miaka ile ya chama kimoja, tulipoitwa kila mara kwenda kuimba na kucheza mbele ya wakubwa, wanawake wote katika kikwembe cha namna moja chenye picha ya Rais. Vikwembe hivyo nilivishona mimi. Nilijifunza kukata kitambaa ili uso wake usimwangukie mtu makalioni, maana fundi mmoja wa Fizi aliitwa kujieleza kwa kosa hilo na alirudi mpole sana.

Mume wangu alikuwa akinunua samaki Kazimia na Swima na kuwapeleka Uvira, kwa hiyo alikuwa mtu wa majini kuliko wa nyumbani. Nyumba ilikuwa yangu na mama yake. Nasema yangu kwa kujipendekeza tu, ilikuwa yake. Sanduku lake la bati lilikaa chini ya kitanda chake, ufunguo ulikaa shingoni mwake, na ndani ya sanduku kilikaa kila kitu cha nyumba chenye thamani: sabuni, chumvi, sukari ikipatikana, vikwembe vipya, dawa. Kwetu ndivyo ilivyo. Mke wa mtoto hafungi kitu chake peke yake. Akifunga, watu watauliza anamficha nani. Na mama mkwe wangu hakuwa mchoyo. Jirani akija kuomba chumvi, ufunguo ulitoka shingoni kabla jirani hajamaliza kusalimu.

Wa nne nyumbani alikuwa binti yangu, mtoto wa kifua. Mvua zikianza, kifua chake kililia kama mlango wenye kutu, kisha kinanyamaza, nasi tunasahau.

Siku moja niliinua uso ili nitie uzi kwenye sindano, nikaona sindano mbili. Nikachagua moja. Haikuwepo. Nikacheka, nikasema ni uchovu, nikafumba jicho moja na kuendelea kushona. Nilishona hivyo wiki baada ya wiki, nimefumba jicho kama mtu anayelenga bunduki, mpaka mteja mmoja asiyejua kuzuia mdomo wake akaniambia mbele za watu, “We mama, jicho yako iko inaenda wapi?” Nilichukua kioo. Jicho la kulia lilikuwa linatoka. Lilikuwa limesukumwa mbele na juu kidogo, kana kwamba kuna mtu nyuma yake anataka nafasi.

Basi kila mtu akawa na jina la ugonjwa wangu. Mama mkwe alisema ni upepo mbaya wa ziwa. Kanisani waliniombea wakiwa wamenishika kichwa, na kichwa kikauma kuliko mwanzo. Mganga wa milimani, upande wa Fizi, alinichanja karibu na sikio, akaniumika kwa pembe, kisha akanionyesha kiganjani mwake mwiba alioutoa humo. Ulikuwa mwiba wa ndakala, dagaa wetu wa ziwani, na ndakala tulikuwa tumewala sote asubuhi ile, yeye akiwa wa kwanza kunawa. Mwuguzi wa zahanati alisema ni usaha katika mashimo ya kando ya pua, akanichoma sindano za penisilini mpaka nikashindwa kukaa kwenye cherehani. Sindano ziliposhindwa, alisema basi ni kifua kikuu kilichopotea njia. Akanipa dawa zake, akaamuru mtoto asilale karibu nami. Binti yangu akapelekwa Swima kwa mdogo wake mama mkwe. Aliondoka mtumbwini akinipungia mkono, nami nilimwona mara mbili, watoto wawili, mikono miwili.

Hata chama kilitoa maoni. Nilikuwa mchezaji wa mstari wa mbele. Mkubwa fulani alikuwa anakuja kutoka Bukavu, na kiongozi wetu wa michezo akanirudisha mstari wa nyuma, halafu akanitazama tena, akaniambia niende nyumbani nikapumzike. Wenzangu waliniona mwenye bahati, kwa sababu wao walicheza juani tangu asubuhi bila maji. Mimi nilikaa ndani nikisikia ngoma na kulia. Sikuwahi kujua kwamba nilipenda kucheza.

Niliogopa, na nitasema niliogopa nini. Sikuogopa kufa. Niliogopa kupofuka, niwekwe kwenye kona ya nyumba ya mwanamke mwingine, nipewe maharagwe niyachambue kwa vidole, na watu wakipita waseme mama huyu zamani alikuwa anashona.

Mume wangu aliporudi na kuniona, alitafuta lori. Tulikwenda kwenye hospitali ya misheni iliyokuwa ng'ambo ya Fizi, njia ya kupanda. Kwenye kizuizi askari walikuwa wengi, kwa sababu ya wale watu wa milimani wenye silaha ambao sote tuliwajua na hakuna aliyewataja. Askari mmoja aliomba kadi ya chama, akailinganisha picha na uso wangu.

“Huyu haiko weye.”

“Njo miye,” nilimjibu. “Ni jicho tu njo ilitoka.”

Aliirudisha kadi kwa ncha za vidole.

Daktari alikuwa kijana wa Kasai, mwembamba, mwenye haraka. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, kimeshonwa kwa Kifaransa na Kilingala, lakini kilimfikisha alikotaka. Alinimulika puani. Aliweka vidole gumba viwili juu ya kope zangu na kusukuma taratibu, kuona kama jicho litakubali kurudi ndani. La kushoto lilikubali. La kulia lilikataa.

“Mama,” alisema, “mi sitakudanganya. Naogopa ni kansa.”

Alinitia dawa ya ganzi, akaingiza kisu puani akate kipande. Nilikuwa macho. Sikusikia uchungu, lakini nilisikia kisu, na kililia vile kinavyolia kijiko kikikwangua ukoko wa bukari, ugali wetu, chunguni. Daktari alisimama, akakitazama kile kipande kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa cheupe.

“Kansa inatokaka damu mingi,” alisema, zaidi kwa nafsi yake. “Hii haitoki. Hii ni nguvu kama kamba.”

Kipande kilitiwa kwenye chupa ya dawa ya kuhifadhia, kikapakiwa kwenye ndege ndogo ya wamisheni, kikaenda Ulaya kwa watu wenye darubini. Mimi nilirudi Baraka kungoja. Kipande cha pua yangu kilisafiri kuliko nilivyowahi kusafiri mimi, na nilikionea wivu.

Habari kwamba ni kansa ilifika Baraka kabla yangu. Watu walikuja kuniaga. Walileta kuku, wakakaa, wakanitazama kwa pembeni, wakasifu tabia yangu kana kwamba nimeshatoka chumbani. Shangazi wa mume wangu, mwenye magoti mabovu, alitembea kwa fimbo tangu ng'ambo ya soko ili kuja kuniambia nisamehe watu wote. Nilimwambia nitaanza naye.

Jibu lilipokuja, mvua zilikuwa zimekwisha na kuanza tena. Niliitwa. Daktari alikuwa na furaha, na furaha hiyo sitaisahau. Alikuwa kama mvuvi aliyevua samaki asiye na jina.

“Haiko kansa. Haiko kifua kikuu. Haiko kuvu. Ni kovu.”

“Kovu ya nini? Mi sikuumiaka.”

“Njo vile. Ni kovu yenye haina kidonda.”

Alinieleza kwa subira ambayo sikuidhania. Mtu akijikata, mwili hushona. Mimi ndiye niliyepaswa kuelewa hilo kuliko wote. Lakini mwili wangu ulikuwa umeanza kushona mahali pasipokatwa, nao haukujua kuacha. Waliotazama kwa darubini waliona nyuzi zimezizunguka mishipa midogo ya damu, duara juu ya duara, kama maganda ya kitunguu. Kovu hilo lilikuwa limejaza mashimo ya kando ya pua, likapenya mfupa mwembamba ulio chini ya jicho, na sasa lilikuwa linalisukuma jicho na kuibana kamba inayopeleka nuru kichwani. Yeye hakuwahi kuuona ugonjwa huo. Hata walioandika jibu walikuwa wameuona kwa watu wachache tu, na walikuwa wanaomba kipande kingine.

“Bakuje kukamata benyewe,” nilisema. Nilikuwa na hasira. Uniambie sifi, halafu uniombe nyama!

Alinipasua. Hakunikata usoni, aliinua mdomo wa juu, akakata juu ya meno, akaingilia shavuni kwa ndani, akachonga alichoweza kukifikia. Nilipozinduka, shavu lilikuwa limejazwa kitambaa chembamba, na siku alipokitoa alivuta na kuvuta, nami nikafikiri atafika kwenye kisogo. Kwenye kitanda cha jirani alilala mama mmoja wa nyanda za juu, wa wafugaji, aliyekuwa amekatwa uvimbe wa shingo. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na kinywa changu kilikuwa kimefungwa bandeji, kwa hiyo hatukusemezana. Watu wake wakimletea maziwa, alinigawia nusu bila kuuliza mimi ni wa kabila gani.

Kisha daktari akanisimamishia sindano mbele ya macho.

“Ngapi?”

“Moja,” nilisema, nikalia hadi akatafuta kiti.

Lakini kilichokuwa nyuma kabisa ya jicho hakuthubutu kukigusa. Hicho kingetulizwa kwa vidonge. Alinipa kopo zima, kwa sababu njia ya kwetu haiaminiki, akanipa na masharti. Nisile chumvi. Nisishtuke uso ukivimba. Nimeze kila asubuhi, nisiache hata siku moja, mpaka yeye mwenyewe apunguze kidogo kidogo.

“Ukiacha ghafla utaanguka,” alisema. “Na ile kamba itarudia na hasira.”

Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kuniuguza, alisikia yote na kuitikia yote.

Baraka ilinipokea kama maiti aliyebadili nia. Baada ya wiki chache za vidonge, mashavu yangu yalikuwa yamejaa, mviringo, yanang'aa. Ile ilikuwa miaka ya upungufu: sabuni haba, mafuta haba, watu wamekonda hadi kola za mashati zinawapwaya. Mimi nilipita sokoni na uso kama mwezi. Wanawake walinigusa mashavu kwa vidole. “Bamama, mumuone huyu! Amenona!” Wakamwuliza mama mkwe nimepata wapi unene huo, naye akajibu kwa fahari, “Ni ile kinini ya munganga.” Kwetu daktari ni munganga na kila kidonge ni kinini, na tangu siku hiyo kinini changu kilikuwa na sifa mjini.

Kopo nilikuwa nimemkabidhi mimi mwenyewe, kwa mikono miwili, siku ile ile tuliyorudi. Ningefanyaje? Dawa hukaa sandukuni. Kila asubuhi alivua ufunguo shingoni, akafungua, akaniwekea kidonge kiganjani, akasimama na kikombe cha maji mpaka nimeze. Hakukosa asubuhi hata moja. Alipokwenda Swima aliniachia vidonge vya siku hizo vimefungwa kwenye pindo la kikwembe.

Na Swima alikwenda sana. Nilipouliza mtoto atarudi lini, alisema, “Acha upone kwanza. Kule anakulaka samaki ya mikeke, iko muzuri.” Nikafurahi kwamba bibi anampenda mjukuu hivyo.

Kanisani nilianza kuona mambo. Mke wa mchungaji alikuwa amejaa uso. Shangazi wa magoti mabovu, wakati wa sadaka, aliinuka bila fimbo akacheza mpaka mbele, na kanisa zima likapiga vigelegele. Mimi pia nilipiga vigelegele. Nilisema Mungu anatenda.

Asubuhi moja mama mkwe alifungua sanduku, akalitikisa kopo, na halikutoa sauti.

“Imeisha?” nilimwuliza.

“Imeisha. Tutaenda kuomba ingine.”

Kwa akili yake lilikuwa jambo dogo. Chumvi ikiisha si mtu huenda kuomba nyingine? Lakini wiki hiyo hiyo risasi zililia milimani, na askari wakaifunga njia ya Fizi. Hakuna aliyepanda, hakuna aliyeshuka.

Kwanza nilitapika. Kisha magoti yakawa maji, nikaanguka juu ya cherehani yangu, paji la uso kwenye gurudumu. Halafu ule uzito ukarudi nyuma ya shavu, na safari hii uliuma. Nilikuwa na kibweta cha nyuzi karibu na mkeka, na kila asubuhi nilifumba jicho la kushoto nikautazama uzi mwekundu kwa la kulia. Ulikuwa wa kahawia. Baadaye ulikuwa wa majivu. Asubuhi nyingine niliona kidole changu bila uzi, na siku iliyofuata sikuona kidole.

Njia ilipofunguliwa walinibeba kwa machela. Mama mkwe alitembea nyuma, chungu kichwani, kupanda kote kule, wala hakuomba kupumzika. Daktari alinimulika jicho la kulia, na mboni haikushtuka. Akazima tochi. Akauliza vidonge viko wapi, maana alivyonipa vingefika kiangazi.

Nilimtajia mashavu ya mke wa mchungaji na magoti ya shangazi. Nilimtazama mama mkwe. Naye alitazama sakafu.

Daktari alimfokea kwa Kilingala, kisha, kusudi aelewe, akarudia kwa Kiswahili, “We mama! Umekula jicho ya muke ya mutoto yako!” Wagonjwa wa vitanda vingine waligeuka kutazama. Mwanamke yule, ambaye sokoni hakuna aliyemshinda kwa maneno, alikaza kitambaa chake cha kichwa, akatoka kwenda kunichemshia maji.

Jicho langu la kulia halikurudi. Liko mpaka leo, limekazwa mahali pake. Halizunguki wala halioni. Daktari alinianzishia vidonge upya ili tuliokoe la kushoto, kwa sababu kovu hilo, alisema, likizoea kushona halichagui upande. Kopo jipya nililifunga kiunoni mwangu. Watu waliona kwamba mke wa mtoto amejifungia kitu chake, wakasema yao. Niliwaacha waseme.

Sikumsemesha mama mkwe tena, isipokuwa maneno ya jikoni. Na jikoni nilimfanyia hivi: nilipika chungu kimoja, bila chumvi, chake na changu. Kama nakula majivu kwa sababu yako, tule pamoja. Alikula. Sombe ya majani ya muhogo isiyo na chumvi, samaki asiye na chumvi, bukari na maharagwe yasiyo na ladha yoyote, alikula vyote na kunawa na kunishukuru. Chumvi ilikuwa sandukuni, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake, na hakuwahi kufungua. Jambo hilo liliniongezea hasira.

Binti yangu alirudishwa kutoka Swima, mrefu zaidi, mwenye aibu mbele yangu. Mvua zilipoanza kifua chake kikalia, na safari hii hakikunyamaza. Siku yangu ya kumwona daktari ilipofika tulimpeleka naye. Mama mkwe alimbeba mgongoni, kwa kuwa mimi kwa jicho moja nilikuwa bado najikwaa. Daktari alimsikiliza mbele na nyuma, akakunja uso.

“Hii pumu ni kali. Ilishaka kumukamata vile zamani?”

“Hapana,” nilisema. “Inalialiaka tu kidogo.”

“Ilimukamata,” alisema mama mkwe.

Niligeuka. Ilinibidi nigeuze kichwa kizima, kwa sababu alikuwa upande wangu wa giza.

Alisema polepole, akimtazama daktari na si mimi. Ilikuwa, alisema, siku zile mimi nimerudi tu kutoka kupasuliwa, mdomo ungali na nyuzi. Habari ikaja kutoka Swima kwamba mtoto amebadilika rangi ya kucha, hanywi hata uji, na yule mdogo wake aliyekuwa akimlea ameshauliza wamzike wapi kama boti haitapatikana. Yeye hakuwa na dawa nyingine. Nyumbani kulikuwa na dawa moja tu yenye nguvu, ile iliyonitoa mimi kaburini. Akachota, akaingia mtumbwini. Alimsagia mtoto kidonge kwenye maji, asubuhi na asubuhi, mpaka kucha zikarudi. Kifua kikipungua, akiacha dawa, kinarudi. Kwa hiyo akaenda tena, na tena.

“Sababu gani haukuniambia?” nilimwuliza.

“Weye ulikuwa mugonjwa. Mugonjwa haambiwake habari ya mubaya. Nilikuwa nangoja upone.” Akamfunga mtoto kifungo cha gauni. “Haukupona. Nilikuwa naendelea kungoja.”

Daktari alikuwa ameshika vifaa vyake vya kusikilizia, anavifuta, na vilikuwa safi. Alimtazama yule mama aliyemfokea mbele ya wodi nzima.

“Ni ile ile dawa ningemupa miye,” alisema. “Mama, bila ile kinini, huyu mutoto haiko hapa.”

Mtoto alikuwa amekaa kwenye meza ya kupimia, anapiga miguu hewani, kifua kinalia.

Nilimsubiri mama mkwe nje, ukutani, kwenye kivuli. Nilikuwa na neno moja la kumwuliza, na nililiuliza vibaya. “Na mashavu ya bibi ya muchungaji? Ile nayo ilikuwa ya kuokoa mutoto?”

“Ile hapana,” alisema. “Ile nilikosa. Lakini balikuwa banajua kama natoaka ile kinini. Nimupe mumoja, ninyime bengine na mudomo gani?” Kisha akasema, “Na ile magoti ya shangazi nayo ilikuwa inaniletea huruma.”

Nilitaka kumchukia kama jana yake. Chuki ilikuwa imenisaidia kuamka asubuhi, kujifunza upya kumimina maji kikombeni bila kuyamwaga, kupima kitambaa kwa kidole badala ya jicho. Niliitafuta, na kila nilipoishika, upande mmoja alikuwapo mke wa mchungaji na mashavu yake, na upande mwingine alikuwapo mtoto anayepiga miguu. Kama angeniuliza siku ile, jicho au mtoto, ningemfungulia kopo mwenyewe. Hakuniuliza. Mpaka leo nakasirika kwamba hakuniuliza. Mpaka leo nashukuru kwamba hakungoja kuniuliza.

Daktari alihamishwa mwaka uliofuata, na aliyekuja baada yake hakuwahi kusikia jina la ugonjwa wangu. Jicho la kushoto bado lina kazi. Kila asubuhi naliuliza kwa uzi mwekundu, nalo hadi sasa linanijibu nyekundu. Sijui litaacha lini.

Jioni tuliyorudi kutoka hospitali nilipika sombe na mikeke. Nilipanga vyungu viwili mekoni, na mama mkwe alikuwa mlangoni, mtoto amemlalia mapajani. Nilinyoosha mkono, nikamwomba ufunguo. Alidhani nataka kuweka kopo. Akauvua shingoni haraka, uzi ukanasa kwenye kitambaa chake cha kichwa, nikamsaidia kuunasua. Niliingia ndani, nikafungua sanduku, nikachota chumvi. Nilitia kwenye chungu chake. Nilitia kwa kukisia, maana nilikuwa sijashika chumvi kwa muda mrefu na jicho moja halijui vizuri kina cha chungu.

Alimega bukari, akachovya, akatia mdomoni. Alitafuna kwa muda mrefu.

“Imezidi,” alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka.

“Kula, Mama,” nilimwambia.